Shimo la Kiti cha Dereva

Nimepaka rangi magari miaka ishirini na miwili katika uwanja mmoja na Papa Stanislas, na sijawahi kumwona akivumilia shimo kwenye kiti. Shimo ninalosema ni lile bonde ambalo makalio ya dereva hulichimba mwaka baada ya mwaka. Kwa Stanislas hilo lilikuwa ugonjwa. Mteja akifungua mlango wa gari, mkono wa mzee ulikwenda palepale kabla ya salamu, ukabonyeza, naye akasonya.

"Papa Stani, salimia bantu kwanza," nilimwambia kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo bantu ni watu.

"Bantu batangoya, Dédé. Hii kiti inakufa."

Wengi hapa Lubumbashi wanaojiita mafundi wa viti hununua vifuniko vilivyoshonwa tayari, wakavivuta juu ya kiti kama soksi, kazi imekwisha. Stanislas alifundishwa na mzee aliyeshona viti vya magari ya Wabelgiji, na kanuni mbili za mzee huyo hakuzivunja. Ya kwanza, usipime kiti, mpime mwenye gari. Alimkalisha mteja, akachora kwa chaki pale magoti yanapoishia na pale mgongo unapoegemea. Ya pili, ngozi ya zamani ukiifumua usiitupe. Inatundikwa msumarini mwaka mzima, kwa kuwa ndiyo kielelezo cha kukatia ngozi mpya mteja akirudi. Yaliyojazwa ndani, manyoya ya farasi na makumbi ya nazi, alimpa mama Espérance wa Kasungami, anayeshona mito na magodoro.

Lakini magari ya namna hiyo yalikuwa yameadimika, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Aliniambia anataka gari moja tu la mwisho, la resori, zile springi za chuma, na manyoya, ambalo watu wakilipanda watauliza nani alilishona. Kwa hiyo Rodrigue alipoingia uwanjani na Mercedes nyeusi ya mwaka 1963, mzee aliizunguka mara mbili. Nilimwona akifuta macho.

Gari lilikuwa la marehemu Ruben, baba yake Rodrigue, aliyekuwa amefariki miezi kumi na moja kabla. Familia ilikuwa inajiandaa kumaliza matanga, au kuyatosha kama tunavyosema hapa, yaani kuyaondoa. Siku hiyo mjane huvua nguo nyeusi, watu hula na kucheza, na vitu vya marehemu vilivyobaki huoshwa au hugawiwa. Mama Kapinga, mjane mwenyewe, alikuwa Kambove kwa binti yake aliyejifungua.

"Mama akirudia, akute voiture iko nouveau," Rodrigue alisema, yaani akute gari ni jipya. "Siku ya kutosha matanga yeye atavua nguo ya mweusi, na voiture nayo ivue."

"Mwenye voiture sasa njo weye?" mzee akamuuliza kama ndiye.

"Njo miye, papa."

Stanislas akamkalisha kijana, akampima kwa chaki. Kosa lilianzia hapo, na mimi nilikuwepo na brashi yangu mkononi, nikanyamaza. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila fundi mkubwa huona aibu kuuliza. Tena nani angeuliza kama shimo libaki? Matanga yakiisha, alama za kifo zinaondolewa. Ndivyo tulivyolelewa sote.

Kiti cha dereva kilikuwa na shimo refu lililolalia kulia. "Resori za huku zimechoka," Stanislas alisema, akazinyoosha moja moja. Kazi ilichukua wiki tatu. Alichora mfano juu ya katoni: ngozi ya kahawia yenye michirizi kumi na miwili, kila mmoja upana wa vidole viwili, na milango ivalishwe vivyo hivyo ili mwenye kuingia azungukwe na rangi moja. Alishona uso ukikaribia kugusa sindano. Alipomaliza, kiti kilikuwa kimeumuka kama mkate. Mimi husifu kwa shida, lakini siku ile nilimsifu.

Rodrigue alimleta mama yake siku tatu kabla ya sherehe. Mama Kapinga, bado katika nguo nyeusi, alifungua mlango wa abiria, akaketi mahali pake, akanyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye kiti cha dereva. Mkono ukatafuta. Ukabonyeza huku, ukabonyeza kule.

"Shimo iko wapi?" akauliza.

"Niliitosha, mama," Stanislas akajibu kwa fahari. "Ilikuwa inaharibisha kiti."

"Ulipeleka wapi shimo ya bwana yangu?"

Ndipo akatueleza. Tangu Ruben afe, kila Jumapili kabla ya misa aliingia garini, gari likiwa limesimama tu uani, akaketi mahali pake na kuweka mkono pale. Rodrigue hakujua, maana saa hizo alikuwa bado amelala.

"Nguo zake nilipatia bantu," mama alisema. "Kitanda nilitosha. Alibakia pale tu."

Majuto ni mjukuu. Stanislas aliomba apewe siku mbili. Tulikwenda Kasungami kwa pikapu yangu kuyatafuta manyoya ya kile kiti, na mama Espérance akatuonyesha magunia. Manyoya yote alikuwa ameyachambua na kuyachanganya na mengine, na mito ilikuwa imeshauzwa sokoni. Ruben alikuwa ametawanyika chini ya vichwa vya watu tusiowajua.

Asubuhi iliyofuata Stanislas aliteremsha ngozi ya zamani kutoka msumarini, akaikagua juani, kisha akachukua wembe na kuifumua kazi yake nzuri kuliko zote. Nilitaka kumshika mkono. Alipunguza manyoya, akapapasa, akapunguza tena, akashona upya. Kufikia saa sita kesho yake kiti kilikuwa na shimo safi lenye kina, katikati kabisa.

Mama Kapinga akaja, akaketi, akaweka mkono. Nilizima mashine ya kupulizia rangi. Akapapasa huku na huku, kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo liliniuma kuliko kilio.

"Papa Stani, unatumika muzuri," alisema, akiisifu kazi yake. "Lakini huyu muntu anakaa mu katikati. Ruben alikuwa analalia upande ya kwangu."

Stanislas aliiinua ile ngozi ya zamani karibu na jicho lake zima. Upande wa kulia, ule wa abiria, ulikuwa umelika hadi nyuzi. Upande wa kushoto ulikuwa bado unang'aa. Akapitisha kidole gumba pale palipolika.

"Niliona, mama," akasema. "Nilizania ni resori." Kisha akaongeza, "Unipatie tena siku moja."

"Hapana, papa. Utamutengeneza mara ngapi?"

Mama aliomba apewe ile ngozi tu. Mzee akamkunjia, ingawa mwaka haukuwa umetimia.

Matanga yaliisha Jumamosi. Mama Kapinga alivua nguo nyeusi, tukala, tukacheza. Stanislas alituma ujumbe kwamba anaumwa, na hakuwa anaumwa. Tangu siku hiyo cherehani yake imefunikwa kitambaa. Watu wakimletea viti anasema macho yamekataa. Anadanganya. Juzi nilimwona akitunga uzi kwenye sindano bila kubahatisha, halafu akaichoma kwenye kijimto cha sindano na kuiacha hapo.

Mercedes hupita mbele ya uwanja wetu kila Jumapili ikielekea misani, na watu husimama kuitazama. Rodrigue huendesha. Kiti cha pembeni yake, alipozoea kuketi mama yake, ni kitupu. Mama Kapinga siku hizi anaketi nyuma.