Mapenzi Katika Wasifu wa Marehemu

Mapenzi nilianza kuyasoma katikati. Jirani yetu hapo Mbotela, mtaa wa Nairobi, ambaye nilimwita Anti ingawa hatukuwa na undugu wowote, alikuwa fundi wa nguo, na riwaya za mapenzi alizonunua kwa wauza vitabu vya mitumba hazikukaa nzima hata siku moja. Alizichana uti kwa makasi yaleyale ya kukatia vitambaa, kila kitabu vipande vitatu au vinne, kisha akapitisha kila kipande kwenye cherehani na kukishona ukingoni kwa uzi mweusi ili kisifumuke. Hivyo ndivyo wanawake wa safu yetu ya nyumba walivyoweza kusoma kitabu kimoja wote kwa pamoja. Uliyemaliza kipande cha kwanza ulikirudisha ukachukua cha pili, na ilikuwa mwiko kumwambia aliye nyuma yako yaliyo mbele.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wasomaji hao, ila alisoma polepole mno. Kila mara alikwama kwenye kipande cha pili, na kipande hicho kikalala juu ya kochi letu hadi Anti alipokuja kukidai. Mimi nilikisoma kikiwa hapo. Kwa hiyo nilikua nikiwajua watu ambao tayari walikuwa wamependana na bado hawajaoana. Walikutana wapi, sikujua. Waliishia wapi, sikujua pia. Baadaye chuo kikuu nikasomeshwa sosholojia, nikafundishwa kwamba ndoa ni mpango wa kugawana kazi, mali na watoto, na nikaona kama mtu ameniletea kipande cha mwisho kilichokuwa kimepotea. Niliamini maelezo hayo haraka kuliko nilivyopaswa. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, lakini hilo sikuliuliza.

Kazi haikupatikana. Nilichokuwa nacho ni simu na Kiswahili kizuri, nikaanza kuandika hadithi za mapenzi sura kwa sura na kuzituma kwenye kundi la wasomaji, kwa jina la kike nililojitungia. Nilimwambia Anti peke yake.

“Wewe?” akasema, bila kuinua mguu kwenye pedeli ya cherehani. “Na msichana hata mmoja hujawahi kumleta hapa tukamwona.”

Lakini alisoma kila sura. Niliandika jinsi fundi bomba anavyounga bomba: najua maji yatapita wapi, sina haja ya kuyapenda. Hadithi zangu zote ziliishia kwenye mahari. Watu wa bwana harusi wanafika, wanawake wanapiga vigelegele, mwisho. Mara moja nilijaribu kumalizia kwa wapenzi wawili kukodi chumba kimoja kule Umoja na kuishi tu. Kundi lilinijia juu. Mmoja akaandika kwamba hao hawajaoana, ni wapangaji. Mwingine akauliza kama mwandishi ametumwa na landilodi. Anti pekee ndiye aliyeandika kwamba ameipenda, bila kueleza kwa nini, na mimi nikadhani ananihurumia.

Mume wa Anti alifariki msimu wa baridi. Alikuwa amefanya kazi ya mabomba ya maji ya jiji maisha yake yote, mtu mkimya, aliyesoma gazeti kuanzia nyuma. Turubai likafungwa mbele ya nyumba yao na kamati ya mazishi ikawa inakutana hapo kila jioni, kama inavyofanyika mtaani marehemu anapongoja kusafirishwa kwao Magharibi mwa nchi. Kaka yake marehemu akaja kutoka nyumbani kuiongoza. Alikuja akiwa ameshaandika wasifu wa marehemu, ule unaochapishwa kwenye kijitabu na kusomwa mbele ya jeneza. Ulieleza alikozaliwa, shule alizosoma, kazi aliyofanya na wokovu wake. Kisha ukasema ameacha watoto watatu. Mama wa watoto hao hakuwamo.

Halikuwa kosa la uandishi. Mahari ya Anti haikuwahi kutolewa, na kwa ukoo wa marehemu mwanamke asiyetolewa mahari ni mama wa watoto tu. Hakai kiti cha karibu na jeneza. Hatupi udongo kwanza. Na siku yake ikifika, hazikwi pale. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wamekufa zamani, shamba la kwao limegawanywa, na ndugu aliobaki nao hawakumpigia simu hata kwa msiba. Asipoandikwa mke, hakuwa na mahali pa kuzikwa ila makaburi ya jiji, miongoni mwa watu asiowajua. Alinieleza hayo kwa sauti aliyotumia kumweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi.

“Wewe huandika mapenzi,” akasema. “Andika yetu. Nitampa shemeji aweke kwenye wasifu.”

Nilimwambia sijui kama marehemu alikuwa na mapenzi. Sikukusudia ubaya. Nilikuwa namjua kama mtu aliyerudi jioni, akanawa, akala. Anti hakukasirika. Alikuwa akishona riboni nyeusi za kubandikwa kifuani, moja baada ya nyingine, na akaniambia niulize ninachotaka.

Nikauliza. Walikutana marehemu alipotumwa kurekebisha mfereji, bomba la maji lililokuwa kwenye ua wa hapohapo Mbotela, ambako baba yake Anti alikuwa mpangaji wa baraza la jiji. Akaurekebisha. Kesho yake akarudi kuuangalia, na haukuwa ukivuja. Nikauliza kama alimwambia anampenda. Hapana. Hata baadaye? Hata baadaye. Aliwahi kumletea zawadi? Anti akafikiri, akasema alimletea balbu. Nikauliza alimwomba vipi waoane, akaniambia hakumwomba. Baba yake Anti alipokufa nyumba ilibaki mikononi mwa Anti, na Jumamosi moja akamwona yule kijana wa mabomba mlangoni, amebeba sanduku la bati mkono mmoja, na mkono mwingine beseni lenye viatu, sahani na kijiko. Akasimama pale. Akauliza beseni aliweke wapi.

“Nikamwambia chini ya meza,” Anti akasema. “Ndiyo hiyo.”

Mahari mumewe alikusudia kuitoa kila mwaka. Kila mwaka kukawa na karo, au bati la nyumba ya mamake, au hospitali. Nilimwuliza Anti kama aliwahi kumkumbusha. Akasema mwanzoni aliona haya, na baadaye akaona haya ya kuwa alinyamaza muda mrefu.

Nilirudi kwetu na kuandika. Kwanza niliandika kama ninavyoandika siku zote, na ilikuwa aibu: macho yalikutana, moyo ukadunda, maji ya mfereji yakawa kama wimbo. Nilijua kundi langu lingelia. Nilifuta. Nikaandika mfereji usiovuja, nikaandika balbu, nikaandika sanduku na beseni na swali aliloliuliza mlangoni, bila kuongeza neno. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeandika kitu cha mapenzi ambacho singeweza kukieleza kwa yale niliyofundishwa. Kama ndoa ni mpango wa mali, mtu huyu alileta viatu na kijiko.

Nilimsomea Anti. Alisimamisha cherehani. Akaniomba nirudie pale pa beseni, nikarudia, naye akasikiliza ameinamisha kichwa kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Nikamwuliza shemeji yake ataionaje. Akasema nimpelekee tu.

Nilidhani itamlainisha, ndivyo nilivyokuwa mjinga. Mimi ni mtoto wa mtaa. Kwetu mwanamume na mwanamke huanza na chumba, yeyote mwenye chumba, na hakuna anayeuliza ufunguo ulikuwa wa nani. Haikunipitikia kwamba ile sentensi niliyoiona bora kuliko zote ndiyo ambayo ukoo haungeweza kuivumilia.

Jioni hiyo chini ya turubai shemeji alivaa miwani na kuanza kuisoma kwa sauti, akiamini ni salamu za majirani. Mfereji ulipita, balbu ikapita. Alipofika kwenye sanduku alipunguza mwendo. Alipofika kwenye beseni alinyamaza, akasoma mbele kimoyomoyo, akavua miwani.

“Kijana,” akaniambia, “kwenu ni wapi?”

“Hapa Mbotela.”

“Nimeuliza kwenu.”

Alitaka kijiji cha ukoo wangu. Akainua karatasi ili wote waione, kama kwamba kuna picha. “Unataka nisimame mbele ya ukoo niseme ndugu yangu alibeba beseni akahamia kwa mwanamke? Kwamba alipewa kona ya kuweka viatu?”

Wanaume wakacheka, si kwa furaha. Mmoja wa majirani, dereva wa lori, akauliza kwa sauti ya chini kama beseni lenyewe lilikuwa na kifuniko, na kicheko kikazunguka tena. Mimi nikaanza kujitetea. Nikasema ni ukweli. Nikauliza kuna ubaya gani mtu kuhamia anakopendwa, na nani aliamua kwamba mwanamume hana haki ya kuuliza aweke beseni wapi. Nilikuwa nimepata moto, na nadhani ningeendelea hadi nimharibie kila kitu, lakini Anti alinigusa mkono. Alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake. Hakusimama.

“Shemeji,” akasema, “hilo la beseni litoke.”

“Litoke kabisa.”

“Mahali pake muandike mke.”

Shemeji akamtazama muda, kisha akasema, kwa upole nisioutarajia, kwamba yeye anajua mahari haikutoka.

“Basi libaki,” Anti akasema. “Ndivyo ilivyokuwa. Majirani wote hapa walimwona akiingia nalo. Hata msipoisoma kule nyumbani, hawa watakuwa kwenye basi na watu wenu siku nzima, na wana midomo.”

Kasisi wa kanisa lao akakohoa. Wanawake kwenye mkeka walikuwa wakitazama miguu yao, na nilijua wengi wao tangu utotoni, wasomaji wa vipande, watu wasiotoboa siri ya sura ya mbele. Shemeji akageuza karatasi, akaigeuza tena, akaomba kalamu. Alipiga mstari juu ya aya yangu yote, mfereji na balbu pamoja na beseni, kisha akaandika pembeni. Akasoma alichoandika: marehemu alimwoa mkewe mpendwa, wakajaliwa watoto watatu. Akauliza kama kuna pingamizi. Hakukuwa na pingamizi.

Tulipokuwa tukikunja viti nilimwuliza Anti kama alijua tangu mwanzo itakuwa hivyo, kama ndiyo sababu aliniacha niandike beseni na kulipeleka. Akanitazama kwa uchovu.

“Nilitaka libaki,” akasema. “Lakini nilijua hawawezi.”

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na sijaona kama ni jibu moja au mawili.

Tulisafiri. Nyumbani kwa marehemu kulikuwa na mahindi yaliyokomaa hadi karibu na mlango, na mahema mawili yaliyofungwa kabla ya mapambazuko. Anti aliwekwa kiti cha kwanza, upande wa kichwa cha jeneza, na hakuna aliyemwondoa. Wasifu ulisomwa na binamu mwenye sauti nzuri. Shule, kazi, wokovu. Sentensi ya Anti ilipita haraka sana, katikati ya pumzi mbili, na msomaji hakuitilia mkazo wowote. Ni sentensi iliyo kwenye kila wasifu niliowahi kusikia. Sehemu yake haikuwa kweli, kwa hesabu za ukoo wenyewe. Mimi nimeandika mamia ya kurasa za watu kulia kwa mapenzi, na kwa hiyo najua jinsi wanavyolia kwenye karatasi. Anti hakulia. Alikaza tu mikono yake miwili juu ya mkoba, akaiacha imekazwa hivyo hadi wimbo ulipoanza.

Alitupa udongo kwanza.

Watu walipohamia kwenye chakula, shemeji alimwita kando, na Anti akaniashiria nifuate. Tukapita nyuma ya nyumba hadi kwenye kaburi jipya, udongo ungali na unyevu. Shemeji alisimama upande wa kushoto wa kaburi, akapiga hatua moja pembeni, akagusa ardhi kwa ncha ya mwavuli wake.

“Hapa,” akasema. “Ukifika wakati. Tumeshakubaliana.”

Anti akapatazama. Palikuwa na nyasi tu, na shina la mgomba uliokatwa. Akauliza kama maji husimama hapo mvua ikinyesha. Shemeji akasema hapana, kuna mteremko, hukimbilia kwenye mtaro kule chini. Anti akaitikia kwa kichwa. Shemeji akasubiri kidogo, labda alitarajia shukrani, kisha akaenda kuwaona wageni wake.

Mimi nilikuwa na maswali. Nilitaka kumwuliza kama haya ni mapenzi au ni shamba, na kama ni lazima mtu achague. Nilitaka kumwuliza ni nani sasa atakayejua habari za beseni, majirani wakishazeeka. Honi ya basi ilikuwa ikilia barabarani, watu wa Nairobi wakiitana, mtu akihesabu vichwa. Anti alikuwa amesimama pale pale pa mwavuli, amevua viatu, sijui alivivua lini, amevishika mkononi kama anayeuliza aviweke wapi.

“Mwambie dereva angoje kidogo,” akasema.

Nikaenda kumwambia.