Sentensi Aliyoifuta Mheshimiwa
Karani huyu, mama mwenye miwani ya kamba, amechapa Hansadi, yaani kumbukumbu za bunge, kwa miaka kumi na tisa. Amesikia wabunge wa kila aina, na kati ya wote alimchukia mmoja tu. Hakumwambia mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kovu lenyewe lina miaka tisa. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alishikwa na uchungu, zahanati ya karibu imefungwa, akaenda kwa miguu mpaka akafia njiani, mtoto tumboni. Wiki ile ile mbunge mmoja aliomba zahanati zifunguliwe. Mheshimiwa, yule anayemchukia karani, kwa mdomo wake usio na breki, akamjibu kwamba wajawazito watembee, ni mazoezi. Wenzake wakacheka. Karani akayachapa huku analia.

Kwa desturi, rasimu humrudia msemaji arekebishe lugha, si maana. Mheshimiwa akaikata kwa mstari sentensi nzima, akatia saini, na mkuu wa ofisi, mwoga wa kupindukia, akaiondoa kitabuni. Karani akaiweka karatasi ile kwenye jalada, akangoja.

Juzi, uchaguzi ukinukia, mheshimiwa alisimama kuzitetea zahanati utadhani mkunga. Mbunge wa upande wa pili akamkumbusha kauli yake. Akaikana, akadai mwenzake alete ushahidi au aombe radhi, na Spika akampa mwenzake muda hadi jioni. Maskini akashuka ofisi ya Hansadi anatota jasho, akapekua kitabu, hola, sentensi haimo. Karani akamtazama kidogo, kisha akafungua kabati, akampa karatasi ile. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

Karatasi ilisomwa mbele ya wote, sentensi kwanza, halafu saini. Safari hii walimcheka mheshimiwa. Spika akamwamuru aombe radhi kesho yake asubuhi.

Jioni hiyo alimfuata karani koridoni, mpole kama maji ya mtungini, akamuuliza amemkosea nini.

"Mdogo wangu aliyafanya yale mazoezi yako," karani akasema. "Tulimzika na mtoto wake."

Mheshimiwa akainama, akamshika mikono, akanong'ona kwamba anaomba msamaha, yaishe hapo hapo.

Karani akajinasua. "Hapa hakuna kinasa sauti, mheshimiwa. Kesho ukayaseme ndani. Mimi ndiye nitakayeyachapa."