Adèle Anakula Mara Saba

Mudogo wangu Adèle anakulaka mara saba kwa siku, kidogo kidogo. Mutu akimucheka, anicheke kwanza mie yaya wake, dada yake mukubwa, Jokébed, maana kosa lilikuwa langu.

Mwaka elfu mbili na moja, vita ikiwa bado imetukalia, Adèle alikuwa na mimba ya kwanza kule Mulekera, Beni. Akaanza kutapika. Nikasema, "Ni mutoto tu." Akakonda. "Mutoto ndiye anakula yote." Choo kikawa cheusi tititi. "Aka! Ni vile vidonge vya damu wanapatiaka bamama ba mimba." Bamama ba chorale ya kanisa wote walikubali, tena tulimuletea udongo mweupe alambe. Miezi mitano hivyo, Mungu anisamehe.

Asubuhi moja akatapika damu. Bwana yake, Ananie, akaleta moto, pikipiki yake, tukapanda watatu mpaka Butembo. Kwa barrière ya barabarani, askari mwenye bunduki akauliza, "Huyu anagonjwa nini?"

Adèle, midomo myeupe, akamujibu, "Uliza yaya. Ndiye docta wangu."

Askari akacheka, akainua kamba. Mie sikucheka.

Kwa hospitali wakamumezesha mupira wenye taa, wakaangalia ndani. Kansa ya tumbo. "Mumechelewa," docta akasema, "lakini haijasambaa." Nililia mbele ya watu bila haya. Wakamupasua, wakatoa zaidi ya nusu ya tumbo la chakula, na mutoto akabaki palepale kwa kizazi, hana habari. Akazaliwa musichana, tukamuita Masika, jina letu la binti wa kwanza. Donc, basi, mama akabaki na katumbo kadogo, na sisi na kazi ya kupika uji kutwa.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja nikamukuta nyuma ya nyumba anatapika.

"Yaya, tulia. Ni mutoto tu."

"Nyamaza! Panda moto!"

Kule Butembo docta akamumezesha tena ule mupira, akapima na mukojo. Nilingoja mu couloir, inje ya mulango, viatu mukononi, sijui nilivivua saa ngapi. Akatoka anacheka.

"Mama, ni mutoto tu."

"Tu?"

"Tu."

Wee! Nilicheza pale pale, peku, mpaka bagonjwa bakapiga makofi. Adèle akatoka, akanitazama, akasema, "Docta wangu, ukimaliza kucheza, uji wangu wa mara ya tatu uko wapi?"