Mwaka Mweupe wa Shangazi Christopha

Epifania wa Chanji anafanya kazi ambayo kwao haina jina. Mama yake akiulizwa hujibu kwamba binti yuko kwenye mambo ya kompyuta, basi, yamekwisha. Huchukua takwimu za kilimo, akazipanga kwenye daftari la kompyuta ambamo maelezo, hesabu na michoro hukaa pamoja, kisha huichapisha michoro hiyo mtandaoni ili kila mtu aiguse na kuichezea. Anaipenda kazi hiyo kuliko chakula, na ukimwona alivyo mwembamba utaniamini.

Mwaka huu alichapisha ramani ya mashamba ya Ufipa aliyoitoa kwenye picha za setilaiti. Ukiburuta kitufe kilicho chini yake, miaka inapita na mashamba yanabadilika rangi: kijani palipoota mahindi au ulezi, nyeupe palipolala bure. Alisifiwa mpaka kichwa kikamvimba kidogo.

Ndipo shangazi yake Christopha, mjane, akapiga simu kutoka kijijini. Kamati ya ardhi ilikuwa imechapa kwenye karatasi mwaka mmoja tu wa ramani ile, na shamba lake lilionekana jeupe. Mwenyekiti wa kijiji, Isdori, alikuwa ametangaza kwamba ardhi isiyolimwa itagawiwa wengine mkutanoni, wiki hiyo hiyo.

Epifania akafungua ramani, akaburuta miaka juu ya shamba la shangazi. Kijani, nyeupe, kijani, nyeupe. Masikio yalimwaka kwa aibu. Mtoto wa Kifipa, likizo zake zote kazimalizia kwenye shamba hilo, kasahau ntumba! Mwaka mmoja watu hupindua udongo na kufukia nyasi kwenye matuta ya duara, wakaziacha zioze humo. Mwaka unaofuata huyabomoa na kupanda ulezi. Shamba la ntumba halijalala. Setilaiti haikusema limelala, aliyesema ni yeye.

Akarekebisha. Kila mwaka mweupe uliokaa katikati ya miaka ya kijani akaupaka kahawia, rangi ya ntumba. Akahakikisha pia kwamba ukurasa ukishafunguka unajitegemea, maana mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Asubuhi ya mkutano alifika kwa shangazi, akamwamkia, akampa simu.

Shangazi aliburuta kwa kidole gumba chenye sugu, taratibu, akitaja alichopanda kila mwaka. Halafu akakibakiza kidole juu ya mwaka mmoja wa kahawia.

“Mwaka huu sikuchimba ntumba,” alisema. “Ni mwaka aliofariki mume wangu, mjomba wako Polikarp. Uliofuata nilitupia tu mbegu, nikavuna haba. Urudishe mweupe.”

Epifania alijaribu kumweleza kwamba weupe ndio hasa wanaoutafuta, kwamba doa moja tu lingetosha kumpokonya shamba.

“Mwanangu, watu hao ndio waliochimba kaburi lake. Wanajua sikushika jembe. Nikiwadanganya mwaka huo, wataniamini kwa miaka ipi mingine?”

Epifania aliutazama tena mwaka ule wa kahawia. Ilimuuma kuona kwamba rangi aliyoipaka kwa upendo ilikuwa imemfuta mjomba wake. Akafungua kompyuta palepale jikoni, akaurudisha mwaka ule mweupe, na shangazi akamtajia maneno ya kuweka hapo, yatokee mtu akiugusa. Kisha akachapisha upya, huku akiomba mtandao usikatike.

Mkutanoni Isdori aliipokea simu kwa mashaka. Akaburuta. Kijani, kahawia, kijani, kahawia, na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, kwani ntumba nani asiyeijua. Alipofika kwenye mwaka mweupe akasimama, akatazama pembeni kama aliyepata alichokifuata, akaugusa. Maneno yakatokea: *Polikarp amefariki. Sijalima.*

Isdori alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lile. Aliyasoma maneno yale kimoyomoyo, akavua kofia, akamrudishia mjane simu kwa mikono miwili.

“Shamba hili lina mwenyewe,” akasema, na akaomba jina linalofuata.