Mama Felicitas Hanywi Maji

Benedicta alisoma namba kwenye mashine ya presha, akaifungua mkononi mwa mama yake, akaifunga upya. Namba zilikuwa zilezile. Zilikuwa juu kuliko jana, na jana zilikuwa juu kuliko juzi.

"Mama, dawa umemeza?"

"Nimemeza."

"Zote?"

"Bene, mie si mtoto wa chekechea. Nenda kazini, utachelewa."

Alikwenda, lakini siku nzima pale shuleni Tegeta, alikokuwa karani, aliitazama simu kila ilipolia kama vile anajua itasema nini. Baba yake alianguka kwa kiharusi asubuhi moja akivaa viatu, na presha yake nayo ilianza hivihivi, ikipanda kimya kimya.

Felicitas, mama yake, alikuwa amehamia Madale mwanzoni mwa mwezi. Kawe aliacha nyumba ya vyumba vinne aliyokaa tangu yeye na marehemu mumewe walipotoka Masasi. Aliteleza uani akiwa peke yake, akalala chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi, na hapo watoto wakaamua: nyumba ipangishwe, mama ajengewe chumba na sebule nyuma ya nyumba ya Benedicta. Hakubisha. Kabati aliwapa majirani, kitanda kikubwa akampa mwenzake wa kwaya, akabaki na cherehani, msalaba na sufuria zake. Wepesi ule wa kugawa ndio uliomtia Benedicta hofu ya kwanza.

Ujenzi Benedicta aliupanga mwenyewe. Aliweka vigae visivyoteleza na dirisha linalopokea upepo. Mlango aliupanua upitishe kiti cha magurudumu, na sababu hiyo hakumwambia mtu. Choo hakujenga. Cha nyumba kubwa kilikuwa palepale, ukiingia mlango wa nyuma na kupita jikoni tu, cha kukaa, tena kina maji ya moto. Aliona kuchimba kingine ni kuharibu uwanja.

Sasa jagi la maji alilomwekea mama asubuhi alilikuta jioni limejaa. Papai lilirudi na sahani yake. Chai ilionjwa, ikasemwa imepoa. Midomo ya mama ilikuwa imekauka hadi kupasuka, na mchana alisinzia kwenye kiti. Benedicta alimpigia kaka yake, Augustine, aliyeko Mwanza.

"Ni mawazo tu, sista," alisema Augustine. "Amekaa Kawe miaka yote hii. Mpe muda."

Muda ndio hasa Benedicta aliouogopa.

Jumamosi alipokuwa akitandika kitanda cha mama, mkono wake uligusa kitu kigumu ndani ya foronya. Ilikuwa pakiti ya vidonge. Vile vya njano mama alikuwa akimeza. Hivi vyeupe vilikuwepo vyote, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Ndivyo ambavyo daktari alisema vinapunguza maji mwilini, na kwamba mgonjwa atakwenda haja ndogo mara kwa mara.

"Mama, na hivi?"

Felicitas alikuwa mlangoni akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Hivyo vinanipeleka msalani."

"Si ndiyo kazi yake? Na msala uko hapo."

"Uko sebuleni kwa mkwe wangu. Mlango unatazamana na kochi lake, na hata mchana sijui atarudi saa ngapi. Nipite mbele yake na kanga yangu, nijifungie, asikie kila kitu mpaka maji yakishuka? Kwetu mkwe akitokea huku, mama anashika njia ya kule. Kazi ya mkwe ni kunizika, Bene, si kunisikia nikikojoa."

Benedicta aliketi ukingoni mwa kitanda. "Sasa mbona hukusema wakati tunajenga?"

"Ningesemaje? Aliyekuwa akija Kawe na fundi kuniuliza ni mkwe mwenyewe."

Alimsubiri mumewe getini. Elibariki, mtu wa Machame, mpole, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajikuna kidevu.

"Mie naogaga gereji kwa rafiki yangu Venance tangu mama amekuja."

"Kumbe ile harufu ya sabuni ngeni..."

"Nitatokaje bafuni na taulo, mama mkwe yuko uani? Nilidhani umeelewa."

"Mimi nilikuwa nadhani una mwanamke."

"Gereji? Labda Venance."

Benedicta hakucheka. Wakakubaliana mama ajengewe choo chake. Fundi angeweza kuanza kuchimba Jumatatu, na mpaka choo kikamilike ingechukua muda. Presha isingengoja fundi. Elibariki alisema yeye atahamia kwa kaka yake kwa muda, akakataa mwenyewe kabla hajajibiwa, maana mtaa mzima ungesema amefukuzwa na mama mkwe. Mwishowe alichukua kiti na redio, akaenda kukaa barazani upande wa mbele, akapandisha sauti.

"Mwambie mama redio ikilia, mie niko huku. Nyumba ni yake."

Jioni ile Felicitas alimeza kidonge cheupe mbele ya binti yake, akanywa bilauri nzima ya maji. Baadaye kidogo alijitanda kanga, akapita jikoni. Mlango wa choo ukafungwa.

Umeme ukakatika. Redio ikanyamaza.

Benedicta alisimama gizani, bakuli mkononi. Chooni hapakusikika hata mchakacho, na alijua mama yake amekaa huko ndani akizuia pumzi, akisikilizia hatua za mkwe. Akitoka hivyo, kesho hatakunywa tena. Alitaka kumwita, lakini kumwita pale chooni ingekuwa aibu juu ya aibu.

Ndipo barazani Elibariki alipoanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, nao aliuimba kwa sauti nzito isiyojua kupanda, ubeti baada ya ubeti, bila kusogea alipokuwa. Katikati ya ubeti wa tatu maji yalishuka chooni.

Felicitas alipita jikoni akipapasa ukuta.

"Mwambie mkwe apumzike," alinong'ona. "Majirani watakuja wakidhani tuna msiba."

Benedicta alimshika mkono, akamwongoza hadi kitandani, akamjazia bilauri nyingine. Alisimama kando yake mpaka aliposikia anameza.