Mjuzi wa Vilabu vya Mvinyo vya Austria

Nichekeni tu, nastahili. Mwaka 1973 kiwanda chetu cha Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, kilinituma Austria wiki mbili, nikarudi mjuzi wa vilabu vyao: mvinyo unaletewa mezani, chakula unakifuata mwenyewe kaunta.

Basi nikampeleka mchumba wangu Neema, na kaka yake aliyekuja kunikagua, kwenye kilabu cha Kiaustria hapa Stockholm. Mvinyo ukaja.

“Shemeji, mbona hatuulizwi chakula?” akasema kaka mtu.

“Hapa hupakuliwi, shemeji. Nitazame!”

Nikaiendea meza ndefu ya nyama na jibini, nikajaza sahani tatu hadi zikafurika.

Mama wa Kiswidi aliyevaa nguo nyeusi akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

“Asante kwa kuja,” akasema. “Ulifahamiana vipi na marehemu mume wangu?”