Yule Binti wa Kijapani Hakukubali

Ilianza Jumapili, saa tisa kasorobo alasiri, ndani ya ukumbi wa sinema mjini Tororo, kwenye onyesho la wanawake peke yao. Kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa, nami nilitakiwa kuingia kidato cha tatu. Sikuwa na hakika. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amevuka mpaka kutoka Busia kwa nia moja: kunichukua nikakae dukani kwake, nipime vitambaa na kuzungumza Kiingereza na wateja wa maofisini. Baba alisema dada yake ndiye ataamua. Mimi sikuulizwa, na kusema kweli sikujitokeza kusema. Mbele ya watu sauti yangu hupotea.

Picha ilitoka Japani. Watu wake waliongea Kijapani, na maneno ya Kiingereza yalipita chini mbiombio. Katika safu yetu ni mimi tu niliyeweza kuyasoma, basi Shangazi akaniamuru niwaeleze wenzake kwa Kiswahili. Nikaanza kwa kunong'ona. Mama mmoja wa kijiji cha Kisoko, muuza muhogo mkavu, akanigonga bega kutoka nyuma.

"We mtoto, pandisha sauti. Mimi nakuja kusikia hadithi, nasikia mbu tu."

Wakacheka, nami nikapandisha kidogo. Hadithi ilikuwa ya msichana aliyefanya kazi katika kiwanda cha hariri na kusoma jioni. Ami yake akaja kumrudisha kijijini, akaendeshe nyumba ya wageni ya ukoo. Msichana akapiga magoti mbele ya ami, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Maneno yakapita chini. Niliyasoma, lakini ulimi ukagoma kuyatoa.

Wanawake hawakunisubiri. Kwetu msichana akishampigia mkubwa magoti, jambo limekwisha. Mmoja akapiga kigelegele. Yule mama wa Kisoko akasema huyu mtoto amelelewa. Shangazi akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikiwa na safu nzima:

"Umemwona mwenzako? Anasoma, na bado ana adabu. Ameitwa, amekubali."

Hapo damu ikanichemka. Aibu yangu naijua, nimekua nayo. Lakini kumsingizia binti wa watu kwamba amekubali, halafu kunifunga mimi kwa ndiyo ambayo hakuitamka, hilo halikunipita kooni. Nikasimama. Kivuli cha kichwa changu kikaingia ndani ya picha, mtu akaniambia niketi. Sikuketi.

"Hakukubali," nikasema. "Amesema: Ami, nakuheshimu, lakini sirudi."

"Na magoti je?" akauliza mama wa Kisoko.

"Magoti ni ya heshima, mama. Jibu ni hapana."

"Basi huyo hodari. Mimi napiga magoti nasema ndiyo, mpaka leo bado napiga."

Safu nzima ikaangua kicheko. Shangazi peke yake hakucheka. Akaniuliza polepole kama hayo yameandikwa pale au nimeyatunga. Nikamwambia yameandikwa.

"Na wewe je?"

"Mimi pia, Shangazi. Siendi Busia."

Picha ikaisha. Njiani akasema baba atayasikia hayo lori lake likirudi kutoka Kampala. Nikamwambia nitamweleza mwenyewe. Msinidhanie shujaa: ugali wa jioni ile ulinishinda. Lakini neno langu sikulirudisha.

Asubuhi niliamka kabla ya Shangazi. Nikachota maji, nikachemsha chai, nikamwekea ya kwake mezani. Nguo zangu alikwisha kuzifunga katika bunda moja na zake. Nikalifungua, nikachomoa sketi ya shule, nikaivaa na mikunjo yake. Alinikuta mlangoni, akaniuliza sasa nani atampimia vitambaa.

"Mtafute mwingine, Shangazi. Chai yako isipoe."

Nikatembea hadi shule, nikaingia darasa la kidato cha tatu, nikaketi dawati la mbele kabisa.